Asiye na Kazi na Mwenzi Anayefanya Kazi: Historia ya Swali Moja katika Kambi za Lualaba

Utangulizi

Katika nchi zenye mafao ya ukosefu wa kazi, mtu anayekwenda kuyaomba aghalabu huulizwa maswali mawili. Swali la kwanza ni kama kweli hana kazi na anaitafuta. Swali la pili ni anaishi na nani nyumbani, na kama huyo anayeishi naye ana kipato. Swali la kwanza humhusu mwombaji peke yake. La pili humhusu mtu mwingine ambaye hakufika ofisini, hakuomba kitu, na pengine hata hajui kwamba mshahara wake unapimwa. Kwa jibu la swali hilo la pili, fao laweza kupunguzwa au hata kufutwa kabisa.

Mjini Kolwezi na katika eneo zima la shaba la Lualaba, toka machimbo ya Ruwe hadi bwawa la Nzilo, hapana ofisi iliyokuwa na sababu ya kumwuliza swali hilo mtu aliyeachishwa kazi, kwa kuwa sheria haikuweka mfuko wa mafao ya namna hiyo. Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba swali lenyewe ni geni huko. Katika kambi za wachimbaji liliulizwa kwa muda wa miongo mingi, ila liliulizwa kutoka upande wa pili. Karani wa kambi hakuwa na haja ya kujua ni nani anayemlisha mfanyakazi. Alitaka kujua mfanyakazi anamlisha nani.

Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba maswali hayo mawili yana asili moja, yaani fikra ya kwamba kila nyumba ina mkuu mmoja anayeleta riziki, na kwamba wengine wote wanamwegemea. Huko Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo hadi mwaka 1960, fikra hiyo ilipunguza haki ya mtu asiye na kazi aishiye na mwenzi mwenye kipato. Huko Katanga, fikra hiyohiyo iliwafanya waajiri na watunga sheria wasiione kazi ya mwenzi huyo hata siku ilipokuwa ndiyo kazi pekee iliyobaki nyumbani.

Kitabu cha Kambi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Katika miaka yake ya mwanzo ilitegemea wanaume waliokuja kwa mikataba mifupi, wengi wao wakikusanywa na mawakala kutoka mbali. Waliishi kambini bila familia. Magonjwa yaliwaua wengi, na wengine walitoroka kabla ya kumaliza mkataba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake. Badala ya kuleta watu wapya kila mara, iliamua kuwaweka wafanyakazi kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza waishi kambini pamoja na wake na watoto. Daktari Léopold Mottoulle, ambaye alikuwa miongoni mwa waasisi wakuu wa siasa hiyo, aliieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946.

Siasa hiyo mpya ilihitaji hesabu mpya. Mshahara wa fedha ulikuwa sehemu moja tu ya kile alichopata mfanyakazi. Sehemu nyingine ilikuwa nyumba, matibabu, shule na hasa posho. Neno posho lilikuwa na historia ndefu kabla ya kufika Katanga. Katika misafara ya karne ya 19 lilitaja chakula au thamani ya chakula aliyopewa mpagazi ili aweze kuendelea na safari. Posho ya mpagazi ilikuwa ya mtu mmoja, kwani iliulisha mgongo uliobeba mzigo. Posho ya kambi za Union Minière ilikuwa ya nyumba nzima. Palikuwa na sehemu ya mfanyakazi, sehemu ya mke wake, na sehemu ya kila mtoto kwa kadiri ya umri wake.

Ili kugawa posho ya namna hiyo, ilibidi kampuni ijue ni nani anayelala katika kila nyumba. Kwa hiyo kitabu cha kambi kiliandika jina la mume, jina la mke mmoja, na majina ya watoto. Mke wa pili hakutambuliwa. Mwanamke ambaye ndoa yake haikuthibitishwa aliweza kuondolewa kambini. Mkuu wa kambi alichungulia maisha ya wanandoa kwa namna ambayo mzee wa ukoo pengine asingethubutu. Alijua nani ameoa, nani ameachana na mkewe, na nani amepokea mgeni asiyeandikwa.

Ikumbukwe kwamba katika mpango huo mke hakutarajiwa kutafuta mshahara wake mwenyewe. Vituo vya jamii vya kampuni vilimfundisha kushona, kupika, kusafisha nyumba na kulea watoto. Kazi hizo ndizo zilizomrudisha mume mgodini akiwa ameshiba na mwenye afya, na ndizo zilizomlea mfanyakazi wa kesho. Kampuni ilizihitaji sana. Lakini katika kitabu cha kambi mwanamke aliandikwa kama mlaji, hakuandikwa kama mfanyakazi. Sehemu yake ya posho ilihesabiwa kuwa gharama ya mume.

Inafaa kutaja kwamba humohumo kambini palikuwapo fikra nyingine juu ya nyumba. Katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels alianzisha mjini Kolwezi jumuiya iliyoitwa Jamaa, ambayo ilienea upesi katika miji ya migodi. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili, na maneno yake makuu yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Waliofundishwa waliingia wakiwa mume na mke pamoja, wakaitwa baba na mama. Johannes Fabian, aliyeichunguza Jamaa katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu yake mwaka 1971, alionyesha jinsi umoja wa wanandoa ulivyokuwa kiini cha mafundisho hayo. Watu walewale ambao karani aliwaandika kuwa mfanyakazi na mlaji, walikutana jioni kama wenzi wawili waliohitajiana. Jamaa haikuwa chama cha kudai haki za kazi, lakini kuwepo kwake kunaonyesha kwamba hesabu ya kampuni haikuwa hesabu pekee iliyojulikana.

Mgogoro wa 1930 na Jembe la Kijijini

Udhaifu wa hesabu ya kampuni ulionekana mapema. Bei ya shaba ilipoanguka katika mgogoro wa uchumi wa dunia, Union Minière iliachisha kazi zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake Waafrika kati ya mwaka 1930 na 1932. Wengi walirudishwa makwao. Katika fikra za serikali ya kikoloni, Mwafrika asiye na kazi hakuwa na haki ya kukaa mjini, kwa sababu alichukuliwa kuwa ana kijiji. Huko kijijini, ilidhaniwa, atapata shamba, ukoo na chakula.

Hapana budi kuuliza chakula hicho kilitoka wapi. Katika sehemu kubwa ya Kongo ya kusini, kilimo cha chakula cha kila siku kilikuwa mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo bima ya mchimbaji aliyefukuzwa ilikuwa jembe la mama yake, la dada yake, au la mke wake aliyerudi naye. Serikali haikuliandika jembe hilo mahali popote, lakini iliitegemea kazi yake ili isilazimike kulipa kitu. Hapo ndipo ilipoanza historia ambayo ingejirudia miaka sitini baadaye, ingawa kwa sura nyingine.

Swali Lilivyoulizwa Ulaya

Katika miaka ileile ya mgogoro, swali la mwenzi wa nyumbani lilikuwa likiulizwa Ulaya kwa ukali. Uingereza ilikuwa imeanza bima ya ukosefu wa kazi kwa sheria ya mwaka 1911. Mwaka 1931, serikali ikiwa imeelemewa na idadi ya wasio na kazi, iliweka kipimo cha mapato ya nyumba nzima kwa wale waliokuwa wamemaliza haki yao ya bima. Wakaguzi waliingia majumbani na kuhesabu mshahara wa mke, wa mtoto mkubwa, hata akiba kidogo iliyokuwapo. Kijana aliyepata kazi aliweza kusababisha baba yake apunguziwe fao. Palitokea nyumba ambamo vijana walihama ili baba asinyimwe, na nyumba ambamo baba aliona aibu kula mkate wa binti yake. Sheria nyingine ya mwaka huohuo ilifanya iwe vigumu zaidi kwa wanawake walioolewa kupata mafao, hata kama walikuwa wamelipa michango. Kipimo cha nyumba nzima kilichukiwa sana, na mwaka 1941 kikaondolewa.

Ubelgiji ilipita njia yake yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, mji wa Gent ulianza kusaidia mifuko ya vyama vya wafanyakazi iliyowalipa wanachama wasio na kazi, na mfano wake uliigwa katika nchi nyingine. Kwa sheria ya tarehe 28 Desemba 1944, bima hiyo ikawa ya lazima kwa waajiriwa wote. Mfanyakazi wa Liège au Charleroi aliyechangia na kupoteza kazi aliweza kudai fao kama haki. Ni jambo la kutia maanani kwamba wakati huohuo mfanyakazi wa Kolwezi, aliyechimba shaba kwa kampuni ya Wabelgiji, hakupewa haki hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ubelgiji iliwagawa wasio na kazi katika makundi matatu: wenye familia ya kutunza, wanaoishi peke yao, na wanaoishi na mtu mwingine mwenye kipato. Kundi la tatu lilipata kidogo zaidi baada ya muda fulani. Wengi wa watu wa kundi hilo walikuwa wanawake ambao waume zao au wenzi wao walikuwa na kazi. Tena, amri ya kifalme ya tarehe 25 Novemba 1991 iliendeleza utaratibu wa kusimamisha mafao ya wale wa kundi hilo ambao ukosefu wao wa kazi ulionekana kuwa mrefu kupita kiasi. Hapo pia waliopatwa zaidi walikuwa wanawake.

Jambo hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Jumuiya za Ulaya. Agizo la Jumuiya la tarehe 19 Desemba 1978 lilikuwa limezitaka nchi wanachama kuwatendea sawa wanaume na wanawake katika hifadhi ya jamii. Katika hukumu ya tarehe 7 Mei 1991, Mahakama ilikubali kwamba mgawanyo wa Ubelgiji uliwapata wanawake zaidi, lakini ikaona kwamba nchi ilikuwa na haki ya kuzingatia mzigo wa kila familia, na kwa hiyo mgawanyo huo haukuwa kinyume cha agizo.

Hoja ya Mahakama si ya kudharauliwa. Fedha za mfuko zina mwisho, na mama aliye peke yake na watoto watatu ana haja kubwa kuliko mtu ambaye mwenzi wake analipwa vizuri. Lakini upo upande wa pili wa hoja hiyo. Mtu alichangia kwa jina lake mwenyewe, kutoka katika mshahara wake mwenyewe. Siku ya kupokea, anageuzwa kuwa sehemu ya nyumba ya mwingine. Zaidi ya hayo, ofisi ikishaweka viwango tofauti, inalazimika kujua nani anaishi na nani, na kama watu wawili chini ya paa moja ni wenzi, ndugu au wapangaji tu. Mkaguzi wa Ubelgiji aliyepiga hodi kuangalia kama nyumba ina mswaki mmoja au miwili alikuwa anafanya kazi iliyofanana mno na ile ya mkuu wa kambi wa Katanga.

Sheria ya Kongo: Mkuu wa Nyumba bila Fao

Baada ya uhuru, Kongo ilipanga hifadhi ya jamii kwa amri ya sheria ya tarehe 29 Juni 1961. Amri hiyo iliunda taasisi ya taifa, INSS, na kuipa matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia. Tawi la ukosefu wa kazi halikuwamo. Sheria mpya ya hifadhi ya jamii ya tarehe 15 Julai 2016, iliyoweka msingi wa taasisi ya CNSS, haikuliongeza pia. Aliyeachishwa kazi alikuwa na haki ya kudai malipo ya mwisho kwa mwajiri wake, lakini hakuwa na mfuko wa kumlipa mwezi baada ya mwezi.

Wakati huohuo, sheria ilisisitiza cheo cha mume. Sheria ya kazi ya mwaka 1967 ilimruhusu mwanamke aliyeolewa kuajiriwa, isipokuwa mume akipinga waziwazi. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaja mume kuwa mkuu wa nyumba, ikamtaka mke amtii, na ikamlazimu apate idhini ya mume kabla ya kufunga mapatano ambayo yangemtaka afanye kazi yeye mwenyewe. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliiondoa idhini hiyo na kuweka mapatano ya wanandoa wote wawili, ingawa cheo cha mkuu wa nyumba kilibaki kwa mume. Inashangaza kidogo kuona kwamba marekebisho hayo yana tarehe moja na sheria mpya ya hifadhi ya jamii, yaani tarehe 15 Julai 2016. Siku hiyo Kongo ilitambua kwamba mke aweza kufanya kazi bila idhini, na siku hiyohiyo iliacha tena ukosefu wa kazi nje ya mfuko.

Kwa kulinganisha, Tanzania ilipopanga upya mifuko yake mwaka 2018 iliweka fao la upotevu wa ajira. Fao hilo ni la muda mfupi, na limezungukwa na masharti kadhaa. Lakini msingi wake ni michango na mshahara wa mchangiaji mwenyewe. Mshahara wa mwenzi wake si sehemu ya hesabu hiyo. Kwa hiyo kuhesabu nyumba nzima si sharti la lazima la bima ya namna hii. Ni uamuzi, na uamuzi huweza kufanywa kwa njia nyingine.

Miaka ya Gécamines na Mwenzi Asiyehesabiwa

Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ikajulikana kama Gécamines. Mpango wa nyumba, hospitali, shule na unga uliendelea. Watu wa kambini walizoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Usemi huo haukuwa wa mzaha. Ulieleza kwa usahihi mpango ambamo kampuni ilizaa, ikatibu, ikasomesha na ikazika.

Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Katika mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na kampuni ikapoteza wafanyakazi wengi wenye ujuzi. Kufikia mwaka 1994, uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilianza kuchelewa, kwanza kwa wiki, kisha kwa miezi, na hatimaye kwa miaka. Mfanyakazi aliendelea kuandikwa kazini, na wengine waliendelea kwenda kazini kila asubuhi, lakini hawakulipwa. Hakuwa mwajiriwa kwa maana ya kulipwa, wala hakuwa shomeri kwa maana ya kufukuzwa.

Ni nani aliyemlisha? Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, ameeleza jinsi mamlaka ya baba yalivyotikisika pale mke na watoto walipoanza kuleta riziki nyumbani. Zamani, biashara ya mke wa mfanyakazi ilifanywa kwa haya, mlangoni pa nyumba, huku mume akisema kwamba ni ya kujazia tu. Katika miaka ya 1990 biashara hiyo ikawa nguzo. Wanawake waliuza unga, mafuta, makala na sombe. Waliuza samaki waliotoka katika ziwa la Nzilo, yaani yale maji yaliyozuiwa mapema miaka ya 1950 ili Lualaba izalishe umeme wa viwanda vya kampuni. Walilima viwanja vya nje ya mji. Baadaye, uchimbaji wa mikono ulipoenea, wanawake wengine walifanya kazi ya kuosha na kuchagua mawe, au ya kupikia wachimbaji.

Walijenga pia mifuko yao wenyewe. Katika likelemba, kila mwanachama alitoa kiasi kilekile kwa zamu, na mmoja akapokea jumla. Fedha hizo zililipa karo, dawa na mtaji wa kuanza upya. Tukitafuta bima ya ukosefu wa kazi iliyofanya kazi kweli katika mji wa Kolwezi mwishoni mwa karne ya 20, hatutaipata katika majengo ya INSS. Tutaikuta sokoni, katika mduara wa wanawake wanaohesabu noti, na nyumbani, ambamo mume asiyelipwa alikula bukari iliyonunuliwa na mke ambaye kitabu cha kampuni kilimwandika kuwa mtu wa kulishwa.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alilipwa jumla ya mara moja. Wengi wao walilalamika kwamba hesabu haikulingana na madai yao ya miaka mingi, na madai hayo yaliendelea kwa muda mrefu. Hakuna sababu ya kubeza malalamiko hayo, maana deni la mshahara ni deni. Lakini inafaa kutambua kile ambacho hesabu hiyo haikuweza hata kukiuliza. Miaka ya mishahara isiyolipwa ilikuwa pia miaka ambayo kampuni ilikopeshwa, bila riba na bila hati, na wake wa wafanyakazi. Mke aliyemlisha mfanyakazi ili aweze kurudi mgodini bila mshahara aliulisha mgodi wenyewe. Mkopo huo haukuwa na safu yake katika daftari, na fedha zilipotoka zililipwa kwa jina la mume.

Neno Mtegemezi na Neno Kazi

Lugha ya Kiswahili inatoa mwanga fulani juu ya suala hili. Katika Kiswahili cha sheria na ofisi, mtu anayelishwa na mwingine huitwa mtegemezi. Kwa matumizi, maana yake ni wazi. Kwa umbo, hata hivyo, neno hilo lina njia mbili. Laweza kutoka katika kitenzi tegemea, kama vile mpokezi anavyotoka katika pokea na mtetezi katika tetea. Hapo mtegemezi ni yule anayeegemea. Lakini laweza pia kutoka katika tegemeza, kama vile mwongozi anavyoweza kuunganishwa na ongoza. Hapo mtegemezi angekuwa yule anayemshikilia mwingine asianguke. Matumizi yamechagua njia ya kwanza na kuiacha ya pili. Mofolojia peke yake haikulazimisha uchaguzi huo.

Neno kazi nalo lina historia yake. Katika Kiswahili cha Katanga, kama Fabian alivyoonyesha katika makala yake ya mwaka 1973, neno hilo lilifungamana sana na ajira ya mshahara. Ndiyo maana mwanamke anayeamka alfajiri kufuata samaki na kurudi usiku huweza kusemwa kwamba hana kazi, anauza tu. Na mume aliyekaa nyumbani kwa miaka mitatu bila mshahara huweza kusemwa kwamba ana kazi, kwa sababu jina lake bado limo katika daftari la kampuni. Neno shomeri, lililotoka katika Kifaransa na ambalo Kinyarwanda na Kirundi pia vimelipokea, lilifika kutaja kupotea kwa kazi ya namna hiyo tu. Anayepoteza meza yake sokoni hakuitwa shomeri, ingawa nyumba yake ililala njaa vilevile.

Hitimisho

Imeonekana kwamba swali la nani anaishi na nani halikuzaliwa katika ofisi za mafao. Lilizaliwa katika fikra ya nyumba yenye mkuu mmoja. Ubelgiji iliiweka fikra hiyo katika mfuko wa wasio na kazi, na mwenzi mwenye kipato akahesabiwa ili fao la mwingine lipungue. Katanga iliiweka katika kitabu cha kambi, na mwenzi mwenye kipato hakuhesabiwa kabisa. Mahali pa kwanza kazi yake ilitumiwa kama sababu ya kutolipa. Mahali pa pili ilitumiwa vivyo hivyo, ila bila kutajwa.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanaweza kupendekezwa. La kwanza linawahusu watunga sheria. Ikiwa siku moja Kongo itaunda fao la ukosefu wa kazi, ni vema haki hiyo ifuate jina la aliyechangia, awe mume au mke, na haja za watoto zishughulikiwe kwa posho za familia, ambazo tayari zina tawi lake. Kwa njia hiyo hatahitajika karani wa kuhesabu vitanda, na wanawake wanaofanya biashara ndogo watafutiwe namna ya kuchangia kwa majina yao wenyewe.

La pili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili na wa historia. Simulizi za wafanyakazi wa migodi zimekusanywa kwa wingi, na nyingi zimechapishwa. Simulizi za wake zao, hasa wa Kolwezi na vitongoji vyake, zimekusanywa kwa uchache kuliko inavyostahili, na waliokuwa wakiuza sokoni mwaka 1993 wamezeeka. Wanakumbuka bei za unga, majina ya wanachama wa likelemba, na siku ambayo mume alikubali kwa mara ya kwanza kushika beseni la samaki. Wanayasema hayo kwa Kiswahili, na kwa msamiati ambao kamusi zetu bado hazijausajili. Kazi ya kuwasikiliza ingefaa ianze sokoni Kolwezi, kwenye meza za samaki wa Nzilo.